Mfuate jike, yai utaliona

Mkuu, umesema umepanda milikwidi (mmea wa utomvu mweupe ambao viwavi wa monaki hula) huko Dallas, vipepeo wa monaki wanakuja kila siku ila yai lao huoni. Huenda yapo. Mimi niko Austin, na mwaka wa kwanza yalinipita vivyo hivyo.

Acha kwanza kukagua majani, mtazame jike. Dume ana kitone cheusi kwenye kila bawa la nyuma, jike hana. Anayenyonya maua hutulia. Anayetaka kutaga hana utulivu: anaruka chini chini, anagusa jani, anaondoka, anagusa jingine. Hapo anaonja, maana kipepeo huonja kwa miguu. Akiridhika anashika ukingo wa jani, anakunja tumbo hadi upande wa chini, sekunde chache tu, keshaondoka. Sasa nenda ugeuze lile jani. Utakuta yai moja, rangi ya maziwa, dogo kama kichwa cha pini, lina mifuo ya kushuka toka juu. Mimi nilidhani ni utomvu uliokauka, mpaka nilipopata lenzi. Tone la utomvu halina mifuo.

Usipuuze mche mdogo. Hawa monaki wanaotufikia mwezi Machi wanatoka milima ya Michoacán, Meksiko, walikopitisha baridi. Mabawa yamepauka na kuchanika, na wanapenda machipukizi laini. Mche wangu wa pori ulikuwa urefu wa kidole, tayari una mayai matatu. (Wale wa rangi ya chungwa tunaowaona mashambani Tanzania ni jamaa zao wa karibu, nao hutaga kwenye mimea ya utomvu.)

Kosa langu kubwa: niliona vidukari wa manjano, nikawapiga maji kwa mpira. Kesho yake vidukari walirudi. Mayai hayakurudi. Siku hizi nawaponda kwa vidole, jani moja moja, na dawa sipulizii kabisa. Nawa mikono baadaye, ule utomvu ukiingia jichoni utajuta.

Ukilipata yai, funga uzi kwenye shina uje kulitazama. Huanguliwa kwa siku 3 hadi 5, kukiwa na baridi huchelewa. Ukiona weusi kileleni, hicho ni kichwa cha kiwavi. Akitoka anaanza kula ganda lake. Lakini ukikuta jani tupu usijilaumu. Angalia chini ya shina kama wale sisimizi wekundu wa Texas, wanaokula mayai, wana njia yao hapo.