Mimi nesi Moshi, mume wangu Mkenya ana duka Voi: tukae nchi gani?

SWALI: Wakili habari za kazi. Mimi ni nesi hospitali ya serikali hapa Moshi, nina miaka 12 kazini. Mume wangu ni Mkenya, fundi simu, ana duka lake Voi, anauza simu, anatengeneza na ana M-Pesa humo humo. Tulifunga ndoa kanisani hapa Moshi miaka miwili iliyopita, tuna mtoto mmoja na nina mimba ya miezi mitano. Nina kiwanja nilinunua kabla ya ndoa, yeye anataka tujenge hapo na ahamishie duka huku, ila kwao wanataka niache kazi niende Voi. Marafiki wanasema hii ni Afrika Mashariki moja, popote ni kwenu. Tuamue vipi? Na nikichukua uraia wa Kenya kuna ubaya gani?

JIBU: Hongera kwanza dada kwa ujauzito, na msalimie shemeji. Swali lako nalipata sana kwa wanandoa wa mipakani, Namanga, Holili, Horohoro, Sirari, na karibu wote wanaanzia pale ulipoanzia wewe, kiwanja kiko wapi na kodi ya nyumba ni shingapi. Mi nakushauri uanze na kitu kingine kabisa: kati yenu nani akivuka mpaka anabaki na haki ya kufanya kazi, kukaa na kurithi, na nani anakuwa mgeni wa kudumu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ukishalijibu hilo, mengine yanajipanga.

Hao marafiki wanaosema Afrika Mashariki ni moja wana ukweli nusu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010 na kwa sababu yake shemeji akifika Holili na pasipoti anagongewa mpaka miezi 6 bila viza na bila kulipa. Lakini ile ni kutembea, siyo kufanya kazi. Na ardhi ndo kabisa, itifaki yenyewe imeiacha kwenye sheria za kila nchi. Kwa hiyo lazima tuangalie Kenya inasema nini na Tanzania inasema nini, na hapo ndo utaona mizani haiko sawa.

Tuanze na shemeji kuhamia Moshi maana ndo wazo lenu la kwanza. Sheria yetu ya uraia ya 1995 imeweka njia nyepesi kwa mke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania, anaweza kuomba uraia kwa msingi wa ndoa. Mume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Anapanga foleni na wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hapo awe amekaa jumla ya miaka 7 ndani ya miaka 10, halafu akipewa aukane wa Kenya kwa sababu mtu mzima wa Tanzania haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Nasema wazi kwamba hili si haki kwa wanawake wa Kitanzania walioolewa nje na natamani libadilishwe, ila mimi nakushauri kwa sheria iliyopo leo.

Sasa kazi yake. Hapa ndo naona hamjaangalia. Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na humo ndani kuna huduma za kutuma na kupokea fedha kwa simu, kuna utengenezaji wa simu na vifaa vya kielektroniki, na kuna biashara ya jumla na rejareja ukitoa supamaketi na maduka maalum ya wazalishaji. Yaani duka lote la shemeji, meza ya fundi, kaunta ya kuuzia na kibanda cha fedha, vyote vitatu vimeguswa. Kenya ililalamika kwamba inapingana na Soko la Pamoja, na malalamiko hayo nayaelewa, lakini huwezi kufungua duka kwa kutegemea malalamiko. Adhabu ni faini isiyopungua milioni 10 au kifungo mpaka miezi 6, na anaweza kufutiwa viza na kibali cha kukaa.

Najua utasema tutaandika leseni kwa jina langu. Dada usifanye hivyo. Amri imemtaja pia Mtanzania anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo, huyo ni milioni 5 au miezi 3, na wewe ni mtumishi wa umma, kesi kama hiyo haiishii kwenye faini tu. Na maafisa hawadanganyiki na jina la ukutani, wakiingia dukani wanaangalia nani amekaa kwenye ile meza yenye taa na bloa, nani ameshika pinseti na ubao wa simu iliyofunguliwa, wateja wanamuita nani fundi. Halafu ndo wanaomba leseni.

Njia inayobaki kwake huku ni kuajiriwa. Hapo anahitaji karatasi mbili, kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi daraja B cha Uhamiaji, na mwajiri lazima aeleze kwa nini hakupata Mtanzania wa kufanya kazi hiyo. Kwa fundi simu sioni mwajiri gani ataweza kueleza hilo akaaminika.

Geuza sasa, wewe uende Kenya. Katiba yao ya 2010 haibagui mke na mume, ibara ya 15 inasema aliyeoana na raia kwa miaka 7 ana haki ya kusajiliwa raia akiomba. Na kabla hujafika huko, sheria yao ya uraia na uhamiaji ya 2011 inamruhusu mwenzi wa Mkenya aombe ukaazi wa kudumu ndoa ikishafika miaka 3. Nyie mna miwili, umebakiza mmoja. Ukiupata unaweza kuishi, kuingia na kutoka, na kuajiriwa bila kuhangaika na kibali cha kazi kila baada ya muda. Kabla ya hapo kuna hati ya mtegemezi ambayo inakuruhusu kukaa tu, kazi hapana, japo raia wa Afrika Mashariki akiomba kibali cha kazi Kenya wameondoa ada na Tanzania bado tunalipisha.

Kwenye unesi usitarajie mteremko. Leseni yako ya huku haivuki mpaka, itabidi usajiliwe na Baraza la Wauguzi la Kenya na wao watataka uthibitisho kutoka Baraza letu la Uuguzi na Ukunga, kwa hiyo hakikisha leseni yako haijaisha muda hata kwa mwezi mmoja. Kazi za serikali za kaunti wanaangalia wenyeji kwanza, nafasi yako ya kweli ni hospitali za misheni na za binafsi, na mshahara ulinganishe kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, siyo baada.

Uraia wa Kenya sasa. Umeuliza kuna ubaya gani, jibu langu ni usichukue. Ukiuchukua kwa hiari unapoteza wa Tanzania, unapoteza sifa ya kuwa mtumishi wa umma huku, na kile kiwanja nacho kinaweza kuingia matatani kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 kifungu cha 20 kwa kawaida hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia mamlaka ya uwekezaji. Wengi hawaoni huo mnyororo, wanafikiri wamebadilisha pasipoti tu. Ukaazi wa kudumu unakupa karibu kila unachokihitaji Kenya na hauugusi Utanzania wako.

Kuhusu kujenga kwenye kiwanja chako kwa pesa ya shemeji, naomba muongee kama watu wazima. Jina lake haliwezi kuingia kwenye hatimiliki. Atanunua matofali, mabati, atalipa mafundi, na kwenye karatasi hayupo. Mkija kuachana, Mungu apishe mbali, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana au kuendelezwa kwa juhudi za wote, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983 Mahakama ya Rufani ilishakubali hata kazi za nyumbani ni mchango, kwa hiyo hatatoka mikono mitupu, anaweza kulipwa thamani ya mchango wake. Ila ukifariki wewe, ardhi haiwezi kubaki kwake. Itabidi iende kwa watoto na hapo ndugu wanaingia na maneno yao. Andika wosia ukataje watoto, taja msimamizi unayemwamini, na yeye atunze risiti za kila trip ya mchanga.

Upande wa Kenya ni afadhali kidogo. Ibara ya 65 ya Katiba yao inasema asiye raia hamiliki ardhi zaidi ya lisi (ukodishaji) ya miaka 99, na ikitokea hati imempa zaidi ya hapo sheria inaihesabu kama lisi ya miaka 99. Maana yake shemeji akikuandika kwenye nyumba ya Voi au akitangulia yeye, wewe hufukuzwi, unabaki na miaka 99. Shamba la kilimo ni habari nyingine, lina bodi zake na masharti makali kwa wageni, msinunue shamba kwa majina mawili bila wakili wa huko. Na ujue Kenya kwenye talaka mgawanyo unaenda na mchango, Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilisema hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, kwa hiyo na wewe tunza kumbukumbu zako za M-Pesa na benki.

Kwa hiyo kama mnataka neno langu, makazi yenu ya muda mrefu yawe Kenya. Wewe ukiwa mgeni Kenya una ngazi ya kupanda, yeye akiwa mgeni Tanzania hana. Lakini siyo mwaka huu, na siyo kwa kuacha kazi kesho kama wakwe wanavyotaka.

Sababu ni PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe na michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Wewe una 12. Ukiacha leo unaondoka na miaka 12 ya kukatwa mshahara bila pensheni uliyokaribia kuifikia, na mifuko ya Kenya na Tanzania haijaunganishwa kiasi cha kusema utaendelezea NSSF ya kule. Miaka 3 siyo mingi kwa mnachopata, tena katikati ya hiyo ndoa inafikisha miaka 3 na unaanza maombi yako ya Kenya, yanafanyika mtandaoni na ofisi yenyewe iko Nyayo House Nairobi. Hakikisha tu ndoa yenu ipo kwenye kumbukumbu za RITA, wakala wa serikali wa usajili wa ndoa na vizazi, maana cheti cha kanisani peke yake kitawasumbua.

Hiyo miaka 3 mtaishije? Mi ningependekeza shemeji atoe duka Voi alilete Taveta. Taveta ni Kenya, biashara yake ni halali asilimia mia, soko lina watu, na kutoka Moshi ni kupitia Himo na Holili tu, wanandoa wa mpakani wengi wanaishi hivyo. Analala Moshi na familia, anafungua duka Taveta. Ila asitegemee kugongewa pasi ya mgeni miaka yote, aende Uhamiaji mkoa wa Kilimanjaro na cheti cha ndoa, wewe ukiwa mwenyeji wake, wamwambie aombe hati ya mtegemezi au kibali gani kwa hali yake, na asifanye kazi yoyote upande huu hata kumbadilishia jirani kioo kwa hela. Na amtafute mhasibu, kwa sababu mtu mwenye makazi ya kudumu Tanzania TRA wanaweza kumhesabu mkaazi kikodi hata kama duka liko kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya.

Wapo watakaokwambia mbona kuishi hivyo ni usumbufu. Ni usumbufu kweli, kuvuka mpaka kila siku kunachosha, siku nyingine foleni ya malori inaharibu asubuhi yote. Jaribuni miezi michache kabla hamjavunja mkataba wa fremu ya Voi, na kama mwili wake hauwezi, bora alale Taveta katikati ya wiki kuliko wewe kuacha miezi 180 njiani.

Na watoto. Kenya, mtoto wa Mkenya ni Mkenya wa kuzaliwa popote alipozaliwa. Tanzania, mtoto wa Mtanzania akizaliwa hapa ni raia wa kuzaliwa, akizaliwa nje ni raia wa kurithi, na raia wa kurithi hawezi kumrithisha mwanae aliyezaliwa nje. Kwa sababu hiyo nakushauri ujifungulie Moshi hata kama mama mkwe anakutaka Voi. Wote wawili wanaweza kuwa na uraia wa pande mbili mpaka wafike miaka 18, hapo Tanzania itawataka wachague. Chukueni cheti cha kuzaliwa RITA mapema, halafu msajili pia upande wa Kenya wakiwa wadogo, kijana wa miaka 18 anayetafuta kitambulisho bila karatasi hata moja ya Kenya anazungushwa sana.

Kabla ya yote hayo, wiki hii chukua taarifa ya michango yako PSSSF uhesabu miezi iliyoingia kweli. Ukikuta mwezi umerukwa, andikia mwajiri sasa hivi ukiwa bado upo kazini.