Kabla ya Kusema Kasuku Wako Anaelewa

Wenye kasuku wakiniambia ndege wao anaelewa kila kitu, huwa nawaomba wamuulize tena huku wamejificha. Ndege husoma macho na mikono ya anayemlisha. Farasi Hans wa Berlin alisifika kwa kujua hesabu hadi 1907, mtafiti Oskar Pfungst alipoonyesha kuwa anafuata miondoko midogo ya muulizaji. Akiulizwa na asiyejua jibu, hesabu zinampotea.

Kasuku wa shangazi yangu hapa Mombasa hujibu "karibu" ukipiga hodi. Tukamjaribu kwa mtoto wa jirani aliyesimama nyuma ya pazia. Aliposema hodi, kasuku akajibu. Alipogonga mlango bila kusema neno, akajibu pia. Aliposema neno jingine kwa sauti ile ile, akanyamaza, akainamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza. Sidai kwamba anajua kukaribisha wageni, lakini anatofautisha, na hilo si dogo hata kidogo.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, jifunze kwa mwanasayansi Irene Pepperberg. Mwaka 1977 alimnunua Alex, kasuku wa kijivu, katika duka la Chicago, akafanya naye kazi mpaka Alex alipokufa 2007. Watu wawili waliulizana na kujibizana mbele yake, na aliyepatia alipewa kitu kile kile alichokitaja: ukisema ufunguo, unapewa ufunguo. Ila uhondo wenyewe uko kwenye maswali. Vitu ni vile vile, lakini mara aulizwe rangi, mara umbo, mara vinatofautiana katika jambo gani. Hapo kukariri hakusaidii. Visipotofautiana, Alex alijibu "hakuna".

Huna kasuku? Tafadhali usinunue wa porini. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku, na misitu inawahitaji. Kunguru wetu wa pwani wanatosha kabisa. Weka mkate mkavu karibu na beseni la maji, kaa mbali, utazame nani ataulowesha. Andika papo hapo, walioshindwa pia, maana ikifika jioni utawakumbuka waliofaulu tu. Kesho yake badilisha jambo moja: sogeza beseni, au funika mkate kwa kikombe cha plastiki. Na mtafutie kila kunguru alama yake, mguu unaochechemea au unyoya uliokatika, la sivyo utamsifu mmoja kwa kazi ya mwenzake.