Shangazi, Nimekubali Kugawa Maji Kwenye Mbio za Hisani, Sasa Nataka Kukimbia

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Tabata. Mwaka jana kampuni niliyoifanyia kazi ya uhasibu tangu ujana ilipunguza watu, na mimi nikawemo. Kiinua mgongo kimeishia kwenye ada na mabati ya nyumba. Mtoto wa mwisho yuko chuo Mwanza. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, wiki hii yuko Tunduma, wiki ijayo Lubumbashi. Nabaki na televisheni. Naamka saa nne, nyumba naifagia jioni. Sijapungukiwa chakula, Shangazi, nimepungukiwa hamu. Mwenzangu wa kikoba ameniandikisha kugawa maji kwenye mbio za hisani za kuchangia matibabu, ni za Jumapili, zimebaki wiki tatu. Nilikubali kwa kuona haya. Sasa usiku nahesabu bati. Mwili wangu si wa mbio, fulana wanazogawa najua hazitanitosha, na mume wangu amecheka kwenye simu, akasema kujitolea ni mchezo wa walioshiba, kama nina nguvu za bure nikaange mihogo niuze. Mwenzangu anasema nitarudi mtu mpya. Ni kweli? Au nitafute udhuru mapema?
Mama T, Tabata

Marahaba mwanangu.

Usitafute udhuru, nenda. Ila mwenzako wa kikoba amekuahidi kitu ambacho si chake kukitoa. Hutarudi mtu mpya. Utarudi na visigino vinavyouma, sauti imekauka kwa kuita "maji, maji", na usingizi mzito wa mchana ambao siku hizi huupati kwa sababu hakuna kinachokuchosha. Mimi naona usingizi huo peke yake unatosha kukutoa nyumbani, lakini tuendelee.

Umenitajia ajira, kiinua mgongo, mtoto na televisheni. Kilichonigusa ni hiyo saa nne ya kuamka. Mhasibu ana tarehe za kufunga hesabu, ana watu ambao mishahara yao haitoki mpaka ipite mezani kwake, akichelewa simu zinalia. Ulikuwa mtu wa kungojewa. Leo hakuna anayekungoja. Mume anakula njiani, mtoto anakula chuoni, na ukilala mpaka saa saba hakuna mtu Tabata nzima atakayekwama kwa ajili yako. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilichokula hamu yako, kuliko hata ule mshahara. Wanaopunguzwa kazi huambiwa habari za mtaji tu. Mtaji ni muhimu, nani abishe? Lakini mtu anaweza kuwa na mtaji chini ya godoro na bado asione sababu ya kutoka kwenye shuka.

Sasa sikiliza kazi yenyewe ilivyo, maana nadhani unaogopa kitu usichokijua.

Kwanza, hutakimbia hata hatua kumi. Mbio ndefu za Dar huanza alfajiri, kabla jua halijaanza kazi yake, kwa hiyo wagawa maji hufika giza bado nene. Mtapanga meza, mtapasua maboksi, mtajifunza kulegeza vifuniko vya chupa bila kuvifungua kabisa. Hilo la vifuniko ni muhimu kuliko unavyodhani, mkimbiaji aliyechoka vidole havimtii. Kisha watapita wale wa mbele, wembamba, wakipumua kwa mpango. Hao hawatakuangalia usoni. Wananyakua chupa na kupita, au hawachukui kabisa, usijisikie vibaya. Shika chupa kwa chini, unyooshe mkono, usimame pembeni mwa barabara si katikati.

Baadaye kidogo linakuja wimbi. Hapo ndipo utasahau kwamba ulikuwa na huzuni, kwa sababu hutakuwa na nafasi. Klabu za jogingi za mitaani zinaimba, wafanyakazi wa maofisini wamevaa fulana za bosi, vijana wanajipiga picha huku wakijifanya wanakimbia, wote wanataka maji kwa pamoja, na meza yenu inakwisha wakati maboksi mengine bado hayajafunguliwa. Mtu atakuambia "asante mama" na atakuwa ameshapita kabla hujajibu. Katikati ya purukushani hiyo kuna kazi ambayo wengi hawaipendi, kuokota chupa tupu barabarani. Ifanye. Mkimbiaji akikanyaga chupa anateguka kifundo, na mbio zake zinaishia miguuni pako.

Halafu wimbi linapita, jua linawaka, na wagawa maji wengi wanaanza kuulizana saa ngapi wanaondoka. Mwanangu, hapo usiondoke. Wanaokuja sasa ndio wa kwako. Ni mzee anayetembea na mjukuu, mama mnene kama mimi na wewe anayevuta mguu, kijana aliyejiandikisha kilomita 21 kwa ubishi na sasa anatafuta pa kukaa. Hawa hawanyakui chupa. Wanasimama, wanakunywa, wanakuuliza bado mbali? Na mimi nakuomba usiwadanganye. Ile "bado kidogo tu" inayotupwa ovyo barabarani imevunja watu wengi moyo, maana wakigeuza kona wanakuta barabara inaendelea. Jua kituo chako kiko kilomita ya ngapi, umwambie ukweli, umpe chupa ya pili.

Watanzania tunapenda kusimulia habari za John Stephen Akhwari, yule mwanariadha wetu wa Mbulu aliyeanguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea. Alimaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, giza limeshaingia. Hadithi hiyo huwa tunaisimulia kwa upande wa Akhwari, na anastahili. Lakini mimi huwa nawafikiria na wale watu wachache waliokuwa bado wamekaa uwanjani wakati wenzao wameshaenda zao, wakasimama wakampigia makofi. Na aliyemfunga ile bandeji. Majina yao hatuyajui, ila bila wao Akhwari angechechemea peke yake kwenye uwanja mtupu. Kazi yako ya Jumapili iko upande huo.

Nije kwa mumeo. Sitamkashifu, kwa sababu amesema jambo lenye nusu ya ukweli. Mtu anayelala barabarani Tunduma akisubiri foleni ya mpaka ana haki ya kushangaa akisikia mkewe anafanya kazi bila malipo. Na kweli wapo wanaojitolea kwa ajili ya fulana na picha. Nusu iliyobaki hajaiona. Mihogo hukaangi hata sasa! Angekuwa amekukuta jikoni umeacha karai linaungua ili ukagawe maji, ningemuunga mkono. Wewe uko kwenye kochi. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, na Jumapili moja haiondoi mihogo duniani. Mpigie jioni akiwa ameegesha, si akiwa na haraka, umwambie: "Baba T, nimeona niende, nauli naijua itatoka wapi, na hela ya chakula sitaigusa." Hilo la nauli ulisemee kweli. Waulize waandaaji kama kuna usafiri wa alfajiri kwa wanaojitolea, na kama hakuna, panga na mwenzako mchangie bajaji. Usiondoke peke yako giza lile kwa bodaboda usiyemjua.

Tena mwambie na fedha zinakokwenda, kwa sababu hata wewe kwenye barua umeandika "kuchangia matibabu" ukapita. Mhasibu mzima! Uliza ni matibabu gani, ya hospitali gani. Mbio nyingi za hisani hapa kwetu zina majibu ya wazi. Zile za benki ya CRDB, zilizoanza mwaka 2020, zimechangia upasuaji wa watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na matibabu ya kina mama wenye fistula katika hospitali ya CCBRT, Msasani. Za benki ya NBC kule Dodoma zimejikita kwenye saratani ya mlango wa kizazi, kwa ushirikiano na Taasisi ya Saratani Ocean Road. Majirani zetu wa Nairobi wana zile za hospitali ya Mater, tangu miaka ya tisini, nazo ni za mioyo ya watoto.

Nikueleze fistula kidogo, kwa sababu ukiijua chupa utaishika tofauti. Mama anapata uchungu mahali palipo mbali na hospitali, mtoto anakwama, saa zinageuka siku. Kichwa cha mtoto kinabana nyama za mama mpaka damu haifiki, zinakufa, tundu linabaki. Mara nyingi mtoto naye hufa. Kuanzia hapo mkojo unavuja bila kizuizi, wakati mwingine na haja kubwa. Mume anahama chumba, au anahama kabisa. Mama anaacha kwenda kanisani, msikitini, sokoni, msibani. Wapo waliokaa hivyo miaka mingi wakidhani wamerogwa, kumbe upasuaji upo. Na hata matibabu yakiwa bure, nauli ya basi kutoka Kigoma si bure, ndiyo maana CCBRT walianza kutuma nauli kwa M-Pesa: balozi wao kijijini akimpata mgonjwa anatoa taarifa, nauli inaingia kwenye simu, mama anapanda basi. Huyo ni mwanamke ambaye dunia ilimfungia ndani. Wewe umejifungia mwenyewe, na sisemi hivyo kukusuta, nasema ili Jumapili ujue kwamba kuna mtu usiyemfahamu anayenufaika na wewe kuamka saa tisa ya usiku.

Fulana isikutese. Waandikie leo waandaaji uwaambie saizi yako, wanazo kubwa, tatizo ni kwamba wanaochelewa ndio hukuta zimebaki za watoto. Ikishindikana, vaa fulana yako mwenyewe, juu yake wakupe kizibao au kitambulisho. Viatu ndivyo vya kufikiria. Vaa raba zilizochakaa kidogo zinazoujua mguu wako, usinunue mpya kwa ajili ya siku hiyo, na beba kandambili za kurudia. Kunywa chai kabla ya kutoka. Nimeona wagawa maji wakizimia kwa njaa mbele ya maji yenyewe.

Jumatatu yake ndiyo siku ninayoiogopa. Jumapili jioni utakuwa unacheka peke yako, simu imejaa picha, umepata namba za watu wapya. Jumatatu saa nne kochi litakuita kwa jina. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wanaanza kutafuta tukio jingine kubwa la kuwapandisha, na mbio za hisani haziko kila wiki. Wewe tafuta kitu kidogo chenye saa yake, kinachorudi. Kabla hujaondoka kwenye kituo cha maji, muulize kiongozi wenu: wiki zisizo na mbio mnafanya nini, mnahitaji mtu wa hesabu? Vikundi vya aina hii huwa na daftari lililovurugika kuliko nywele zangu za asubuhi. Saa mbili za Jumatano, kila Jumatano, zitakusaidia kuliko Jumapili moja ya shangwe. Na mihogo ya Baba T usiidharau, mwanamke anayeamka Jumatano anaweza kuamka na Alhamisi.

Kuna jambo nalisema kwa uzito. Umeandika kwamba usiku unahesabu bati. Kama ni wasiwasi wa mbio hizi tu, utapita. Lakini kama usingizi umekukimbia tangu ulipoachishwa kazi, kama chakula hakina ladha, kama kuna siku umewaza kwamba ni heri usingekuwepo, basi hiyo huenda ni sonona, nayo ni ugonjwa unaotibika, haiponi kwa kugawa maji. Nenda zahanati iliyo karibu au hospitali ya Amana, mweleze mganga kama ulivyonieleza mimi, akiona inafaa atakupa rufaa. Usiogope watu watasema umekuwa wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Na ukipata lile wazo la kutokuwepo, usingoje Jumapili wala miadi, mwambie mwenzako wa kikoba siku hiyohiyo akupeleke. Mtu aliyekuandikisha kugawa maji bila kukuuliza vizuri hatashindwa kukusindikiza hospitali.

La mwisho ni onyo la kirafiki. Wakishajua ulikuwa mhasibu, hutamaliza mwezi hawajakuomba uwe mweka hazina. Waambie ndiyo utawasaidia kupanga daftari, lakini cheo wakupe baada ya miezi mitatu, na ukikipokea, funguo za sanduku ziwe tatu, kwa watu watatu.