Maswali Yenu: Ubao wa matangazo wa Jiografia, mapathoni na fildi ya kwenye matope

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi niko mwaka wa kwanza, nasoma jiografia na ualimu hapa Dar. Ubao wa idara yetu umejaa makaratasi, mara semina, mara mapathoni Jumamosi, mara Siku ya GIS (mifumo ya ramani na taarifa za mahali kwenye kompyuta) mwezi wa 11, na CR, kiongozi wa darasa letu, anatupia hayohayo kwenye grupu. Wenzangu wanasema hizo ni shughuli za malekchara na watu wa masters na hazina maksi. Niende, au nikomae na notsi nisije nikala sapu, yaani kurudia mtihani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nenda, na uanze wiki hii hii. Ni kweli maksi hazipo, lakini semina ya idara ndo sehemu utamwona mtafiti anaeleza kazi ambayo hata hajaimaliza, watu wanamuuliza kwa nini kachagua kata hii na sio ile, data kazipata vipi, sampuli mbona ndogo, na yeye anajibu palepale. Kwenye kitabu huyaoni hayo maana kitabu kinakuja kazi ikishaisha. Wewe kaa nyuma usikilize, mwaka wa 3 ukiambiwa uandike ripoti yako ya utafiti utajua maswali yanatokea wapi.

Mapathoni ndo naipenda zaidi nakwambia ukweli. Mnakaa na kompyuta, mnafungua picha za satelaiti kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ya bure mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, mnachora nyumba moja moja, barabara, mito, na watu wenye uzoefu wanapitia kazi yenu baadae. Usidhani ni mchezo. Mwaka 2014 Ebola ilipolipuka Guinea, Madaktari Wasio na Mipaka walihitaji ramani ya Guéckédou, na watu wa kujitolea waliokaa makwao nchi mbalimbali wakaichora ndani ya siku chache. Hapa kwetu Mara kuna vijiji vilikuwa havimo kabisa kwenye ramani, sasa fikiria mwezi wa 12 msimu wa ukeketaji, nyumba salama ya Mugumu inapigiwa simu usiku kuna binti anataka kukimbia, dereva anawasha gari lakini njia haijui na gizani hakuna wa kumuuliza! Ndo maana mradi wa Crowd2Map ukaanza mwaka 2015, watu wa mbali wanachora kwa satelaiti halafu wenyeji wanaongeza majina ya vijiji, maduka na zahanati kwa simu zao, kwa sababu jina la kijiji satelaiti haiwezi kulijua. Mwanafunzi wa jiografia anayepita mbele ya tangazo la namna hiyo bila kusimama ananiumiza sana.

Siku ya GIS inafanyika duniani kote toka 1999, kwa kawaida Jumatano ya tatu ya Novemba. Angalia mabango ya wanaokutangulia, na ukikuta mgeni wa manispaa au wa mamlaka ya maji muulize kazini kwake ramani wanazitumiaje, hapo ndo watu wanaanza kupata sehemu za fildi.

Swali: Habari za kazi mwalimu. Binti yangu anasoma jiografia chuo, juzi kanitumia picha kavaa gambuti yuko kwenye mtaro uswahilini anauliza watu mafuriko yalifika wapi. Mimi nalipa ada asome, na usalama wake unanipa wasiwasi. Mama, Morogoro.

Jibu: Nzuri dada yangu, pole kwa wasiwasi. Hapo kwenye mtaro binti anasoma, tena somo gumu. Tandale hapa Dar mpaka 2011 kwenye ramani ilikuwa kama uwanja mtupu wakati maelfu ya watu wanaishi pale, vijana wakaingia na wakazi kichochoro kwa kichochoro wakaichora. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakazunguka kata zinazofurika pamoja na wenyeji, droni zikapiga picha juu, huku chini watu wanapima mitaro na kuuliza. Droni haiwezi kukwambia maji yalifika dirishani, anayekwambia ni bibi aliyekaa bondeni Msimbazi miaka yote na anakuonyesha alama ukutani kwake. Lazima mtu aende akamsalimie, akae, amsikilize.

Kuhusu usalama una haki ya kuuliza na uulize idarani bila aibu: wanatembea kwa makundi? wana barua ya kwenda serikali ya mtaa? namba ya mwalimu anayesimamia ni ipi, bima je? Idara inayojali itakujibu yote hayo siku hiyohiyo.

Swali: Mwalimu mimi bumu la mkopo limeisha, laptopu sina, hizo programu za ramani si za hela nyingi? Mwaka wa 2.

Jibu: Kuna za kulipia kweli, ila QGIS ni ya bure kabisa na inafanya kazi ya uhakika, na wanaotengeneza programu huria za ramani duniani walikutana hapahapa Dar mwezi wa 8 mwaka 2018 kwenye mkutano wa FOSS4G, kwa hiyo usione ni kitu cha ugenini. Kompyuta omba muda kwenye maabara ya idara, asubuhi mapema kabla vipindi havijaanza. Na ya kuchorea OpenStreetMap haihitaji hata kuinstoo, inafunguka kwenye brauza, ukimaliza kuchora nyumba bonyeza Q pembe zinanyooka. Mausi tu ndo utafute ya kwako, kuchora paa mia kwa kidole kwenye tachipedi mkono utauma.