Akaunti yenye picha yangu ilipoanza kuomba hela kwa ndugu zangu

Mjomba alinipigia Jumatano saa mbili usiku. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Mwanangu, ile hela umeipata?" Nikamuuliza hela gani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Si ile laki moja na themanini ya mtoto, uliyosema amelazwa."

Mtoto wangu alikuwa mezani mbele yangu anafanya hesabu za shule. Hakuwa na hata mafua.

Mjomba ni mstaafu, anaishi Korogwe, na hela ile alikuwa ameitenga kwa ajili ya mbolea. Aliombwa Facebook na akaunti yenye jina langu, picha yangu ya kitenge cha kijani niliyopiga kwenye harusi ya mdogo wangu, shule niliyosoma na mji ninaoishi. Ujumbe ulisema simu imeharibika, asipige, atume kwenye namba ya rafiki. Alipoingiza namba ile, simu ikamletea jina la mwanamume asiyemjua. Alisita. Akaandika kuuliza, akajibiwa kwamba huyo ni wakala wa karibu na hospitali na mtoto anazidiwa. Akaweka namba ya siri, hela ikaenda.

Kusita kule nakufikiria mpaka leo. Kampuni za simu zimeweka jina lile lionekane kabla hujathibitisha ili upate nafasi ya kusimama. Jina likija tofauti na la mtu unayedhani unamtumia, usimuulize anayekuandikia, maana huyo ndiye mwizi mwenyewe na jibu analo tayari. Toka kwenye muamala, mpigie ndugu yako kwenye namba yake ya siku zote. Asipopokea, mpigie mtu wa nyumbani kwake. Hakuna mgonjwa atakayekosa dawa kwa dakika tano za kupiga simu.

Usiku ule mimi nilifanya makosa, na nayaandika ili wewe usiyarudie.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kubadili nywila. Nilidhani akaunti yangu imeingiliwa. Kumbe hakuna aliyeingia kwangu: mtu alifungua akaunti mpya, akachukua picha zangu zilizo wazi, akaangalia orodha ya marafiki zangu ambayo nayo ilikuwa wazi, akaanza kuwaomba urafiki mmoja baada ya mwingine. Nywila hakuihitaji. Kilichompa kazi rahisi ni ile orodha, kwa sababu ilimwonyesha nani ni mjomba na nani ni shangazi. Wenyewe huwa tunaitana hivyo kwenye maoni chini ya picha. Nenda kwenye mipangilio leo, uifanye orodha ya marafiki ionekane na wewe tu. Ni kazi ya dakika moja.

Kisha nikaitafuta akaunti ile nisiione. Nilitafuta jina langu kila namna, nikapata mimi peke yangu. Huu ni mtindo wao: kabla ya kuanza kazi wanambloku mwenye picha, yaani wanamzuia asiwaone, ili awe wa mwisho kujua. Ukiambiwa na mtu kuna akaunti yako nyingine na wewe huioni, usimwambie amekosea. Mwombe akutumie linki.

Kosa kubwa zaidi nililifanya kwa hasira. Nilichukua simu ya dada yangu, nikaipata ile akaunti, nikamwandikia yule mtu maneno mazito. Hakunijibu. Ndani ya dakika chache alikuwa amebadili jina na picha, na dada naye akawa amembloku. Nilibaki mikono mitupu, sina hata skrinishoti moja. Kesho yake nilimwomba mjomba anipigie picha mazungumzo yote kwenye simu yake, na hayo ndiyo yaliyonisaidia. Kwa hiyo kabla hujamwandikia mtu wa namna hii neno lolote, au afadhali badala ya kumwandikia, chukua picha za skrini: ukurasa wake, ujumbe wote kuanzia salamu, namba ya simu aliyotoa, jina lililotokea kwenye muamala, tarehe na saa. Hifadhi na linki. Akaunti mpya mara nyingi linki yake ina namba ndefu, na namba hiyo haibadiliki hata mwenyewe akijiita jina jingine.

Halafu kuna aibu. Hili linaniuma kuliko hela. Baada ya mjomba kukata simu nilikaa na siri ile mpaka asubuhi, nikiona watu watasema huyu naye anatafuta njia ya kuombaomba, au watajua mambo ya nyumbani kwetu. Saa moja asubuhi rafiki yangu wa tangu sekondari akatuma elfu thelathini. Ningekuwa nimewaambia watu usiku uleule, hela yake isingeenda.

Ndipo nikaanza kupiga simu. Nilianza na wale ambao najua hawaniulizi mara mbili nikiwaomba: shangazi, wifi, mzee mmoja wa kanisani anayenichukulia kama binti yake, na mweka hazina wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, kwa sababu pale kuna hela za watu. Nilipiga, sikuandika. Mwizi alikuwa anaandika kwa jina langu; ujumbe wangu wa maandishi ungetofautiana vipi na wake? Kwenye makundi ya WhatsApp nilituma ujumbe wa sauti: jamani, hii ni sauti yangu, siombi hela popote, ukiona ombi nipigie. Shangazi alicheka akaniambia alishaupata ujumbe ule tangu jana na hakujibu. "Aliniandikia habari za saa hizi. Wewe hujawahi kunianza bila shikamoo."

Upande wa hela, kasi ndiyo kila kitu. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo, toa namba ya muamala. Kama mwizi hajatoa hela kuna uwezekano ikazuiwa. Ya mjomba ilikuwa imeshatolewa. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kazi hiyo, ufuate maelekezo yatakayorudi. Na ukiwa na simu mkononi piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA. Laini za matapeli nyingi zimesajiliwa kwa majina ya watu wasio na habari, na mmoja wao anaweza kuwa wewe.

Kuripoti akaunti yenyewe, ingia kwenye ukurasa wa ile feki, uchague kwamba inajifanya mtu, kisha useme ni nani. Mwenye picha anachagua yeye mwenyewe. Rafiki anaripoti kwamba inajifanya rafiki yake, na akaunti yako halisi anaitaja. Watu wangu wengi waliripoti ovyo, mmoja ameandika matusi, mwingine biashara haramu. Wingi peke yake hauondoi akaunti. Tulipoelekezana wote tukachagua sababu ileile, na mimi nikatuma picha ya kitambulisho nilipoombwa, iliondolewa siku ya pili.

(WhatsApp ni habari nyingine kidogo, kwa sababu huko mara nyingi wanakunyang'anya namba yako yenyewe. Ukiletewa msimbo wa WhatsApp wa tarakimu sita kwa ujumbe mfupi, usimpe mtu, hata akijitambulisha kama kiongozi wa kikundi. Weka na uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada. Ukishanyang'anywa, sajili namba yako upya mara moja; msimbo mpya ukiingia kwako, yeye anatolewa.)

Polisi nilienda, nikiwa na skrinishoti nilizochapisha dukani, nikapewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu polisi. Nakushauri uende hata kama hela ni ndogo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inasema kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au mara tatu ya alichojipatia kama hiyo ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Ile RB nayo inakulinda wewe, siku mtu mwingine akidai ulimwibia.

Na madai hayo yalikuja. Wiki mbili baadaye akaunti nisiyoijua ilianza kuandika chini ya picha zangu kwamba mimi ni tapeli, kisha yakafuata matusi kuhusu mwili wangu ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kila simu ilipolia tumbo lilinikata. Safari hii sikujibu hata herufi moja. Nilipiga skrinishoti, nikambloku, nikafunga maoni wabaki marafiki tu. Nikampa dada simu, kwa wiki nzima yeye ndiye aliyekuwa anasoma yaliyoingia na kuhifadhi yanayofaa. Mpate mtu wa kukusomea. Ushahidi unahitajika, lakini si lazima wewe ndiye uyameze maneno yale.

Kifungu cha 23 cha sheria ileile kinahusu kumtisha na kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao. Kama matusi ni ya kingono, au mtu anatishia kusambaza picha zako, ukifika kituoni uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Usilipe kumnyamazisha, akilipwa mara moja anajua unalipika. Mwambie mumeo, mama yako, au mtu yeyote unayeogopa asije akaziona, umwambie wewe mwenyewe kabla ya yule mtu.

Mjomba nimemrudishia hela yake kidogo kidogo, ingawa alikataa. Desemba tulipokutana Korogwe tulikaa uani tukakubaliana swali moja la ukoo, linalohusu nyumba ya bibi, ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote. Anayeomba hela anaulizwa kwanza, hata kama picha ni yake. Mwezi uliopita shangazi aliandikiwa tena, safari hii kwa jina la kaka yangu. Akamuuliza swali. Alama ya kwamba mtu anaandika ilitokea, ikapotea, ikatokea tena, kisha akaunti ikatoweka. Shangazi akampigia kaka, akamkuta shambani.