Somo, matangazo yangu hayasomwi!

SWALI: Shikamoo Somo. Mimi ni karani kwenye chuo kimoja hapa Lamu, hedi ofisi iko ng'ambo. Kila Ijumaa jioni natumia walimu na wafanyikazi wengine imeili ya matangazo, mikutano, likizo, nani kafiwa, nani mgonjwa, mambo ya mshahara, yote humo humo. Hawasomi! Mwezi wa sita niliweka habari ya fomu za P9, zile zinazoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa, ilikuwa namba 11, basi tarehe 1 Julai foleni mlangoni kwangu na mwalimu mmoja akanambia mbele za watu eti nimemtia faini. Nifanyeje?
Karani, Langoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kufaili ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato, ni jukumu la kila mtu mwenyewe na siku ya mwisho ni Juni 30 kila mwaka, hilo mwalimu mzima analijua, kwa hiyo faini ni yake. Lakini na wewe una lako. Ijumaa jioni hapa Lamu nani anafungua imeili? Watu washakula pilau washalala, na wa Mokowe kule bara wako kwenye boti wanashikilia mifuko isirowe. Tuma Jumatatu asubuhi.

Halafu hilo tangazo lenyewe ulilonibandikia chini ya barua yako nimelisoma mara mbili na kahawa yangu mkononi, linaanza "Kwa mujibu wa waraka tajwa hapo juu, wafanyikazi wote mnaarifiwa ya kwamba zoezi la utoaji wa fomu husika limeanza rasmi", nikaangalia hapo juu, waraka siuoni! Na neno P9 limekuja mstari wa sita. Ungeandika hivi: "P9 ziko kwa mhasibu, chukua wiki hii. Ritani mwisho Juni 30, ukichelewa faini inaanzia shilingi 2,000." Basi, na uliweke la kwanza, hela haziwekwi chini ya habari za kupaka rangi ukumbi.

Msiba nao usingoje Ijumaa jamani. Huku kwetu mtu akifa asubuhi alasiri keshazikwa, wewe unatangaza watu washafika kwenye hitima. Huo utume pekee yake, saa ile ile, kwenye grupu ya WhatsApp, jina, mtaa, msikiti na saa ya kuzika.

Lililonikera zaidi ni lile la mama uliyeandika yuko likizo ya ugonjwa kisha ukataja na operesheni aliyofanyiwa. Yakhe! Nani alikuuliza? Habari za afya ya mtu zinalindwa na sheria ya kulinda data ya 2019, andika tu hayupo mpaka tarehe fulani na kazi zake anashika nani. Kamuombe radhi leo leo, uende kwa miguu, usimtumie meseji.

Mabawabu na wapishi ambao hawana imeili ya chuo wabandikie karatasi pale wanapokunywa chai, herufi kubwa, na ya wiki iliyopita uibandue maana karatasi nane zikipandana hakuna anayesoma hata moja.

Na huyo mwalimu wa faini usimjibu kwenye grupu. Mwakani P9 yake mpelekee mwenyewe mkononi, asaini kwenye daftari na tarehe aandike yeye.