Kwa unayeanza kazi ya mashine ya soseji Malindi

Wengi wanaoingia kazi hii huvutwa na ule mzunguko. Soseji zimelala safu safu juu ya roli, yale mabomba ya chuma yanayong'aa, zinajiviringisha polepole nyuma ya kioo, harufu inafika mpaka kwenye stendi ya tuktuk, na mpita njia anasimama hata kabla hajajua kama ana njaa. Ni kweli, mashine huuza kwa macho. Ila soseji inaweza kuzunguka vizuri huku ndani ni mbichi, au ikaiva vizuri kisha ikaharibika papo hapo juu ya roli kwa sababu moto umeshuka na hukuangalia. Mota itazungusha bila wewe. Ulichoajiriwa kukilinda ni joto.

Ijue mashine yako kwanza. Ndani ya kila roli mna elementi ya kupasha moto. Ubavuni mna mota ndogo inayovuta mnyororo, na mnyororo huzungusha roli zote kuelekea upande mmoja. Soseji iliyokaa katikati ya roli mbili hugeukia upande wa pili. Mashine nyingi zina vitufe viwili vya joto, kimoja cha roli za mbele na kimoja cha nyuma. Huo mgawanyo utumie: upande wako moto mkubwa kwa zinazopikwa, upande wa mteja moto mdogo kwa zilizoiva. Na zile namba kwenye kitufe, moja mpaka kumi, si digrii. Namba sita ya mashine moja ni namba nne ya nyingine. Nunua kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano, na ukiweke mfukoni kila siku ya kazi.

Kisha soma pakiti. Smoki zimeshapikwa na kutiwa moshi kiwandani, roli inazipasha tu. Lakini soseji nyingi za ng'ombe na kuku tunazonunua madukani ni mbichi, na hapa ndipo wageni wa kazi huumiza watu bila kujua. Ngozi huwahi kupata rangi nzuri ya kahawia wakati katikati bado nyama haijaiva, na maji ya nyama mbichi hupita kwenye roli mpaka kwa zilizo tayari. Soseji mbichi ianzie kwenye sufuria, ndani ya maji yanayokaribia kuchemka. Yakitokota kwa nguvu ngozi hupasuka. Chagua moja iliyo nene kuliko wenzake, ichome sindano katikati. Ikisoma digrii 74 za Selsiasi, zitoe, zifute maji kwa karatasi safi, ndipo uzipange. Usiruke hilo la kufuta. Soseji yenye maji huteleza badala ya kuzunguka, na mafuta yakikutana na maji yatakurukia mkononi.

Roli zipewe dakika kumi mpaka kumi na tano za kupata moto kabla hujaweka kitu. Soseji iliyo tayari ina ngozi iliyokaza, rangi inayolingana pande zote, na vitone vidogo vya mafuta vinavyometa. Ukiibonyeza kidogo kwa koleo, inarudi. Iliyopitiliza huanza kukunjamana kwenye ncha zake mbili, kisha inakauka, inakuwa nyepesi na kurukaruka juu ya roli. Ukiona yenye mstari mweusi upande mmoja na upande mwingine umepauka, hiyo ilikuwa haizunguki. Mara nyingi ni roli kujaa mafuta, mara nyingine mnyororo umelegea. Ikiwa roli moja tu ni ya baridi na wenzake ni moto, elementi yake imekufa. Mwite fundi, na pale usiweke kitu hata kama inapendeza safu ikijaa.

Uma usiutumie kabisa kuchoma soseji, maana mafuta yote hutoka na utauza ngozi kavu.

Zilizoiva zikae kwenye joto la digrii 60 kwenda juu. Kati ya digrii 5 na 60 vijidudu huzaana, na hapa kwetu msimu wa kaskazi, kibanda chenyewe tu ni joto la kuwafurahisha. Stima ikikatika, angalia saa papo hapo na uiandike kwa chaki mahali unapopaona. Stima ikirudi mapema, zipandishe tena mpaka 74. Zikishakaa chini ya 60 zaidi ya saa mbili, zitupe zote, hata kama tajiri wako yuko pale anakutazama. Mwambie kwa adabu na umweleze sababu. Hata zisipopoa, soseji haikai kwenye roli jioni nzima. Baada ya saa tatu au nne si chakula cha kumpa mtu. Kwenye zilizoiva, weka mpya kushoto, uza kutoka kulia, na hutachanganya.

Upepo nao usiusahau. Kusi ikivuma, kibanda kilichoelekea baharini hupoza roli upande mmoja na kuleta chumvi na mchanga. Geuza mashine mgongo uelekee upepo na kioo kiwe kimefunikwa. Chumvi hiyo hiyo ndiyo inayokula chuma. Unapokwenda kununua mashine, beba sumaku: ikinata kwa nguvu kwenye roli, ujue chuma hicho ni cha daraja la chini na kutu ya huku pwani hakitaivumilia.

Kuhusu stima, angalia kibati cha nyuma kilichoandikwa wati. Mashine ya roli saba mara nyingi huwa kati ya wati 1,000 na 1,500. Ya 1,500 ikivuta moto wote kwa saa tano ni uniti 7.5 za tokeni. Kwa kawaida itakula pungufu, kwa sababu moto hujikata na kurudi. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kupanga bei. Plagi ya ampea 13 inaibeba mashine hii vizuri, lakini usiiunganishe pamoja na birika na friji kwenye ekstensheni moja nyembamba. Waya wa ethi, ule unaokukinga usipigwe na stima, usikatwe kamwe. Sakafu ya kibanda huwa na maji, na wengi wetu tunafanya kazi na ndala.

Usafi ni kila usiku. Zima moto, subiri roli ziwe vuguvugu, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo. Steel wool itachubua roli, na maji ya kumwaga yataingia kwenye mota. Dada zangu, kunjeni mikono ya buibui na fungeni ncha za mtandio nyuma kabla ya kukaribia roli zinazozunguka. Trei ya mafuta chini imwagwe na kuoshwa. Ikiachwa, kesho mafuta yatafuka moshi na usiku utakuwa umewaalika mende na panya.

Malindi mteja atakuuliza, na ana haki. "Mwanangu, hii ni halali?" "Halali, mzee wangu, pakiti hii hapa, soma mwenyewe." Weka pakiti yenye alama ya halali mahali inapoonekana. Wako watalii wanaoomba soseji ya nguruwe, na watakupa pesa nzuri. Kwenye mashine hii, hapana. Roli zote hushirikiana mafuta, na ukishaweka moja umewavunjia amana waliokuamini wote. Mwenye kutaka biashara hiyo awe na mashine yake, koleo lake na mahali pake.

Kachumbari ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu haipiti motoni. Osha mikono, katakata kidogo kidogo, iwe kwenye bakuli lenye kifuniko juu ya barafu, na kisu cha kupasulia smoki kisiwe kile kile kilichokata soseji mbichi. Cheti chako cha afya kipimwe upya kila miezi sita, na leseni ya kaunti ya Kilifi iwe ukutani. Mteja mfungie kwa karatasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2017.

Mwezi wa Ramadhani, kibanda kifunguliwe baada ya magharibi. Wakati wa futari usitegemee watu, wako nyumbani na mbaazi na mahamri yao. Chemsha soseji zako watu wakiwa kwenye tarawehe, washa roli wanapokaribia kumaliza, na anza na safu mbili tu. Vijana wakishatoka msikitini na foleni ikaonekana, ongeza ya tatu.